Moyo Chini ya Hamsini

Jumatatu, 3 Machi. Mapigo: 45

Daftari hili sikulianza kwa mapenzi yangu. Mwalimu wa michezo ameamuru kidato cha tano kizima tuandike mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hatujaweka mguu sakafuni: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa mbele ya macho, dakika nzima, hakuna kukadiria. Ni somo jipya, linaitwa fiziolojia ya mazoezi, na lina maksi. "Andikeni pia mlivyolala na mnavyojisikia," akasema. Amejitakia mwenyewe.

Shule nzima tunamwita Filimbi. Filimbi yake haitoki shingoni hata akiwa ofisini, na wapo wanaoapa kwamba akipiga chafya inalia yenyewe. Ni mtu mkavu anayependa mistari iliyonyooka. Simpendi sana, lakini ndiye anayepanga timu, kwa hiyo namwamkia kwa sauti kubwa kila asubuhi.

Nilivyolala: fofofo. Ninavyojisikia: njaa. Mvua za msimu zimeanza na uwanja umeshakuwa uji. Nimekimbia hivyo hivyo. Zimebaki wiki saba na siku tano kufika mbio za shule zote, mita elfu tatu, na lazima niwemo. Mwaka jana nilianguka mzunguko wa mwisho, nikamaliza wa tisa, goti linachuruzika damu. Mwakani nitakuwa kidato cha sita, na kidato cha sita hawakimbii, wanakaririshwa mtihani. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena.

Jumatano, 5 Machi. Mapigo: 44

Mvua. Nimekimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, nikarudi kukichomoa kwa mikono miwili.

Alhamisi, 6 Machi. Mapigo: 44

Uraia leo. Mwalimu wetu wa uraia tunamwita Ibara, maana hawezi hata kuomba chaki bila kutaja ibara ya katiba. Muhula huu tunasoma kesi kubwa za katiba, zile zilizobadilisha mambo, na yeye anazisimulia utadhani alikuwa amesimama dirishani zikisikilizwa. Mimi huwa nasinzia. Leo nimesinzia nusu tu.

Nyumbani nako sipumui kwa sheria. Baba ni mhudumu wa mahakama, yule anayepaza sauti "Kooorti!" watu wasimame jaji anapoingia. Miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo imemharibu kabisa. Chakula kikiwa tayari, badala ya kutuita kama baba wa watu, anasimama mlangoni na kifua mbele: "Kooorti!" Na Mama, ambaye ni fundi cherehani na hana muda wa michezo, anamjibu, "Mheshimiwa, sufuria hiyo ni ya moto, shika na kitambaa."

Jumatatu, 10 Machi. Mapigo: 44

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Saa nne Filimbi alikusanya madaftari yetu yote, akaketi nayo ukumbini na kalamu nyekundu. Saa sita karatasi ikabandikwa ubaoni: WASIORUHUSIWA KUKIMBIA. Majina mawili. La kwanza ni la mwanafunzi wa kidato cha pili aliyevunjika mguu, anatembelea magongo, na hata yeye mwenyewe alicheka alipolisoma. La pili ni langu.

Nilidhani amekosea mstari. Nikamfuata stoo ya vifaa, alikokuwa anahesabu mipira.

"Shikamoo, Mwalimu. Jina langu limeingia kwenye ile orodha kwa bahati mbaya."

"Marahaba. Si bahati mbaya. Mapigo yako ni arobaini na nne."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kanuni ya sita ya michezo. Chini ya hamsini, asikimbie. Mtu mwenye afya moyo wake hupiga sitini hadi mia."

"Lakini Mwalimu, mimi mzima! Jana tu nimezunguka uwanja mara kumi na..."

"Kanuni ni kanuni," akasema, na akarudi kwenye mipira yake. Hakuinua hata macho. Mipira yenyewe iko kumi na minne tangu nijiunge na shule hii, haijawahi kuzaa. Hakuniuliza kama naumwa, hakuniuliza kama nimewahi kuumwa, hakuniuliza hata nimekula nini. Alisoma namba, akaandika jina, basi.

Nimelia chooni. Naandika kwa sababu daftari linataka kujua ninavyojisikia. Najisikia hivyo, Mwalimu, kama unasoma.

Mwenzangu wa dawati, Kikokotoo, anayejua hesabu zote za dunia na asiyeweza kukimbia hata kuikimbia mvua, alinipa leso. "Ungeandika sitini tu, shoga. Nani angejua?"

"Si alisema tusidanganye?"

"Na wewe ukaamini!"

Jumanne, 11 Machi. Mapigo: 58

Kumbe hasira ina faida, nimevuka hamsini. Nikampelekea Filimbi mkono wangu mbio mbio kabla haijapoa. Akasema nirudi nikishatulia. Nikishatulia si nitarudi arobaini na nne! Mtu huyu atanimaliza.

Ijumaa, 14 Machi. Mapigo: 46

Mama kafunga cherehani mchana kweupe, jambo ambalo halijatokea tangu harusi ya shangazi, na kunipeleka zahanati. Nesi alinisikiliza kifua, mgongo, kifua tena. "Mtoto mzima huyu," akasema. Kisha akafungua fomu yake, na fomu nayo inasema sitini hadi mia. Akaandika "chini ya kawaida" huku macho yake yananiomba radhi. Kipimo cha kuchora mapigo ya moyo kiko hospitali kuu, na foleni yake ni miezi miwili. Mama akauliza kama hiyo ni foleni ya kutibiwa au ya kuzikwa. Tulisindikizwa hadi nje kwa adabu.

Jumatatu, 17 Machi. Mapigo: 45

Mvua. Wenzangu wamekimbia. Mimi nimeshika saa.

Jumanne, 18 Machi. Mapigo: 45

Mvua. Nimeshika saa tena. Yule wa magongo amenishikia mwavuli. Tunafanana sasa, watu wawili wa benchi.

Jumatano, 19 Machi. Mapigo: 44

Leo Ibara ametusimulia Kesi ya Mpiga Picha. Jamaa alikuwa na studio yake kwenye jengo kuukuu. Halmashauri ikaja asubuhi na kufuli, ikafunga mlango, kwa kuwa jengo la jirani lilikuwa limeanguka wiki moja kabla. Mpiga picha akapanda mahakama moja hadi nyingine mpaka ya juu kabisa. Mawakili wa halmashauri wakasema, sisi tuliokoa maisha. Majaji wakasema, huenda ni kweli, lakini mlimuuliza? Mtu husikilizwa kabla ya kufuli, si baada yake.

Sikusinzia. Nilikaa wima mpaka Kikokotoo akanigusa shavu kuona kama nina homa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama si studio? Kama ni mtu kazuiwa kukimbia?"

Darasa likaangua kicheko. Ibara hakucheka. Alivua miwani, akaifuta polepole na tai, akasema kanuni za shule yetu zina kifungu cha kumi na moja ambacho hakijaguswa na mtu tangu kichapwe: mwanafunzi aliyechukuliwa hatua anaweza kukata rufaa mbele ya kamati ya walimu. "Nimengoja miaka tisa mtu aniulize swali hilo," akasema, na macho yalimng'aa hadi nikaogopa.

Ijumaa, 21 Machi. Mapigo: 45

Rufaa imeandikwa, kurasa sita. Baba ameisoma, amekata tano.

"Mwanangu, nimesimama kwenye ule mlango miaka ishirini na miwili. Wengi hawashindwi kwa kukosa haki. Wanashindwa kwa kutojua kunyamaza. Sema lako, kaa chini."

Kisha tukafanya mazoezi sebuleni, Baba jaji, Mama upande wa Filimbi. Mama amenishinda mara mbili bila kuacha kushona.

Jumatatu, 24 Machi. Mapigo: 46

Mkuu wa shule amepokea karatasi yangu. Ni mama mrefu asiyepoteza maneno. Kaisoma akiwa amesimama. "Ijumaa tarehe nne, saa nane mchana, chumba cha walimu. Majina ya wakimbiaji yanafungwa tarehe kumi na moja, saa kumi na mbili jioni. Njoo na ushahidi. Usije na machozi."

Amejuaje habari za chooni?

Jumatano, 26 Machi. Mapigo: 44

Nimefungua kitabu cha fiziolojia kwa mara ya kwanza na kumbe kinanizungumzia mimi! Moyo ni msuli. Ukiuzoesha mbio ndefu kwa miaka, unapanuka na kupata nguvu, na kila pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi. Kwa hiyo mwenyewe akipumzika, hauna haja ya kupiga mara nyingi. Kazi ambayo moyo wa mvivu unaifanya kwa mapigo themanini, wangu unaifanya kwa arobaini na nne na bado unabaki na muda wa kupiga miayo.

Nimemsomea Kikokotoo kwa sauti. "Mvivu ni nani?" akauliza. Wake ni themanini na nane.

Ijumaa, 28 Machi. Mapigo: 44

Mvua imetufungia ukumbini, vizuri sana. Tumefanya jaribio la benchi: kupanda na kushuka dakika tatu kwa mdundo wa meza, mapigo yanahesabiwa kabla, mara tu baada, na dakika moja baadaye. Wanafunzi ishirini. Kikokotoo alianza na 88, akafika 172, na dakika moja baadaye alikuwa bado 148, amelala sakafuni ananiusia vitabu vyake. Mimi 44, kisha 138, kisha 80. Amechora mchoro kwa penseli za rangi. Mstari wangu unapanda na kushuka upesi kuliko wa mtu yeyote. Sikujua kama mtu anaweza kuona fahari kwa mstari.

Jumatatu, 31 Machi. Mapigo: 45

Tulihitaji watu wazima wa kulinganisha. Ibara kapanda benchi na tai yake. Mpishi wa shule kapanda na mwiko. Filimbi alikuwa anapita na wavu wa mipira, nikamwomba naye, kwa kejeli kidogo, nakiri. Akakubali. Si mtu wa kuonekana amekwepa zoezi.

Kabla hajapanda nilimshika mkono kuhesabu. Moja, mbili, tatu, kimya. Halafu mawili ya haraka haraka. Kimya tena. Nikaanza upya. Hivyo hivyo.

"Vipi?" akauliza.

"Benchi limelegea, Mwalimu. Tutafanya siku nyingine."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimeangalia kitabu. Mapigo yasiyo na mpangilio: mtu asifanye mazoezi yoyote mpaka aonwe na daktari.

Jumanne, 1 Aprili. Mapigo: 53

Kikokotoo anasema nimeokota dhahabu. "Simama mbele ya kamati useme: anayenizuia kwa ajili ya moyo wangu, moyo wake mwenyewe haujui kuhesabu. Kesi imekwisha, twende nyumbani!"

Nitasema ukweli hapa. Nilifurahi. Kwa nusu saa nzima nilijiona nimesimama nikilitamka lile neno, na Filimbi anatafuta pa kuficha uso. Halafu nikakumbuka ile karatasi ubaoni, na wiki nzima ya watu kunitazama kifuani kana kwamba kuna kitu kitalipuka. Raha yote ikaniisha.

Nikaenda stoo.

"Mwalimu, jana benchi halikuwa limelegea. Mapigo yako yanaruka."

"Unanitisha? Ili nifute jina lako?"

"Hapana, Mwalimu. Jina liache lilipo. Nenda hospitali."

"Toka nje."

Nikatoka. Lakini mlango wa stoo haufungiki vizuri, na nilipogeuka nilimwona amekaa juu ya godoro la kurukia, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, midomo inahesabu. Ni mara ya kwanza kumwona akiwa mtu tu, si mwalimu.

Alhamisi, 3 Aprili. Mapigo: 47

Filimbi amelazwa hospitali kuu tangu jana. Shule imekuwa kimya, hadi wale wa kidato cha kwanza wanapanga mstari wenyewe bila kuambiwa. Nimemwombea, na sikuweka masharti.

Ijumaa, 4 Aprili. Mapigo: 60

Sitini! Leo ningepita hata kwenye fomu ya zahanati.

Kamati ni watatu: Mkuu, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa jiografia. Ibara alikuwa karani, kalamu nne mfukoni. Baba aliomba ruhusa kazini akaja na sare zake. Nilimsihi asifanye kitu. Akaapa. Lakini Mkuu alipoingia, mazoea yakamshinda: "Kooorti!" Walimu wote wakasimama wima, mwalimu wa jiografia akamwaga chai. Mkuu mwenyewe alitafuta pembeni kuona nani anayeingia.

Tulipotulia, Mkuu akasema, "Upande wa pili haupo. Mwalimu wa michezo yuko hospitalini na hatujui atatoka lini. Mwanafunzi ana mchoro na ana kitabu. Tunaweza kusikiliza upande mmoja na kuamua leo. Binti, unasemaje?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Kikokotoo, aliyekuja kama shahidi, alikuwa ananiminya goti. Jina langu lingeingia jioni ile ile. Nikasimama, na nikasikia sauti yangu inasema, "Mkuu, naye hajasikilizwa."

"Unaelewa zimebaki siku saba tu?"

"Naelewa."

"Na asipotoka hospitalini kabla ya kufungwa majina?"

"Sitakimbia. Lakini nimekuja hapa kulalamika kwamba niliamuliwa nikiwa sipo. Siwezi kumfanyia mwenzangu hivyo hivyo halafu niseme nimeshinda."

Nikakaa chini, kama Baba alivyonifundisha. Mkuu akaahirisha hadi Alhamisi. Ibara aliandika huku anapenga kamasi. Baba alinibebea begi njia nzima, na mara ya mwisho kunibebea begi nilikuwa chekechea. Kikokotoo hasemi na mimi. Amesema angekuwa na meno ya ziada angening'ata.

Jumamosi, 5 Aprili. Mapigo: 52

Mvua. Nimejuta.

Jumapili, 6 Aprili. Mapigo: 49

Mvua. Sijuti.

Jumatatu, 7 Aprili. Mapigo: 54

Najuta.

Jumanne, 8 Aprili. Mapigo: 50

Leo Ibara ametupa Kesi ya Daraja. Lori refu lililojaa mawe lilizuiwa lisivuke daraja dogo, mahakama ikasema sawa, daraja lingevunjika. Basi wakubwa wa barabara wakaanza kuzuia kila lori refu, hata tupu. Mwenye lori tupu akashtaki. Majaji wakasema: uamuzi wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini hatari ilikuwa uzito, si urefu. Ukifuata uamuzi wa zamani, kwanza angalia ulikuwa unaogopa nini. Nimeiandika yote. Kikokotoo amenikopesha kalamu, kwa hiyo tunasemeshana tena.

Alhamisi, 10 Aprili. Mapigo: 57

Amekuja.

Filimbi aliingia taratibu, amekonda usoni, waya zinatokeza kwenye kola ya shati na kimashine kimening'inia mkandani. Wamemfunga kipimo cha kurekodi moyo mchana na usiku, na wamempa dawa. Filimbi haipo shingoni, daktari kaichukua. Niliposimama kumwamkia alinitikisia kichwa tu.

Mkuu akampa nafasi aanze. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kanuni ya sita. Sikusikia hiyo.

"Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa shule nyingine," akasema. "Nilikuwa na mkimbiaji, mtoto mzuri, mapigo arobaini na nane. Alikuwa ananiambia anaona kizunguzungu, mimi nikamwambia aache uvivu. Akaanguka mzunguko wa tatu. Nilimbeba mgongoni hadi barabara kuu. Alipona, namshukuru Mungu, walimwekea kifaa kifuani na leo ana watoto wawili. Lakini ule mwendo wa kutoka uwanjani hadi barabarani mimi sijaumaliza mpaka leo. Wiki ile ile niliketi nikaandika kanuni ya sita, na nilipohamia hapa nikaja nayo. Nilitaka namba. Namba haipuuzi mtoto kama nilivyompuuza mimi."

Mimi nilikuwa nimemchukia mtu huyu mwezi mzima, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba alikuwa anaogopa. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Badala yake Mkuu akasema, "Binti, zamu yako," na nikaacha karatasi yangu mezani, haikuwa na kazi tena.

"Mwalimu, pole sana. Naomba kukuuliza. Yule mtoto alipokuwa anakimbia, mapigo yake yalipanda?"

Alifikiri. "Hapana. Ndilo daktari aliloniambia baadaye. Moyo ulikuwa hauwezi kuongeza mwendo."

"Wangu ulipanda hadi mia moja thelathini na nane kwa dakika tatu za benchi." Nikampa mchoro wa Kikokotoo. Aliutazama kwa makini, akafuata mstari wangu kwa kidole hadi mwisho.

"Na yeye aliona kizunguzungu."

"Aliona."

"Mimi naona?"

Aliinua macho kutoka kwenye mchoro.

"Sijui," akasema.

Nikakaa chini. Sikuwa na lingine.

Mkuu akamgeukia. "Mwalimu, ungekuwa umekaa kiti changu, ungeamuaje?"

Filimbi alikunja ule mchoro mara mbili, sawasawa, pembe kwa pembe. "Nimelala hospitalini siku nane. Kila daktari aliyekuja aliniuliza najisikiaje kabla hajaandika chochote. Kila mmoja, hata yule aliyekuja mara tatu kwa siku. Huyu mtoto alinifuata stoo na mimi nikahesabu mipira." Akanitazama. "Yule wa kwanza sikumsikiliza alipolalamika. Wewe sikukusikiliza uliposema u mzima. Kosa ni lile lile."

Baba alikuwa anafuta macho kwa kofia ya sare ya serikali.

Uamuzi, kama Ibara alivyouandika: kanuni ya sita imefutwa. Hakuna mwanafunzi atakayeondolewa mchezoni kabla ya kuulizwa na kupimwa. Na mimi nipimwe kwanza, ndipo jina liandikwe. Nikakumbuka foleni ya miezi miwili. Filimbi akanyanyua mkono. "Daktari wangu anamngoja kesho saa tisa. Nilishamwomba tangu Jumatatu."

Ijumaa, 11 Aprili. Mapigo: 63, na nina sababu

Walinibandika vidude kumi vya baridi. Mama alisimama kichwani, Filimbi miguuni, wote wananiambia nitulie kwa sauti za watu wasiotulia. Karatasi ikatoka. Daktari, dada mmoja mwenye haraka zake, akaisoma, kisha akasikiliza kifua, akauliza maswali yote ya dunia, akatabasamu. "Moyo wa mkimbiaji, hauna kasoro. Nani alikuzuia?"

Nilimwona Filimbi anajiandaa kujibu.

"Karatasi, Daktari," nikasema. "Karatasi tu."

Jina langu limepelekwa saa kumi na moja na dakika arobaini, mvua inanyesha kweli kweli. Filimbi kaliandika kwa mkono wake, akalipigia mstari kwa rula.

Jumatatu, 14 Aprili. Mapigo: 46

Nimekimbia!

Jumamosi, 19 Aprili. Mapigo: 44

Nimekimbia. Tope hadi masikioni. Filimbi anafundisha akiwa amekaa kwenye kiti, na yule wa magongo ndiye anayempigia makofi badala ya filimbi.

Jumamosi, 26 Aprili. Mapigo: sikuwa na muda

Jua! Uwanja mkuu umekauka, watu wamejaa hadi kwenye uzio. Filimbi alikuja na amri tatu za daktari: asipige filimbi, asipige kelele, asisimame ghafla. Mama na Baba wakamweka katikati yao kama mshtakiwa.

Mizunguko saba na nusu. Nilianza polepole, nikawaacha wenye pupa wajichokee. Mzunguko wa sita nilikuwa wa nne. Wa saba nikawa wa pili, mbele yangu yule wa shule ya jirani mwenye fulana ya njano, bingwa wa mwaka jana. Kengele ya mwisho ikalia. Kifua kilikuwa kinanguruma, miguu myepesi, na sijawahi kuupenda moyo wangu kama dakika ile. Mita mia mbili za mwisho nikampita. Nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa peke yangu mbele ya umati wote!

Ndipo nikaisikia sauti. Filimbi alikuwa juu ya kiti, kasimama, mikono hewani: "Moyo mzima huo! Mpisheni, ana moyo mzima!" Baba anamvuta suruali. Mama anampigia kelele, "Keti chini, Mwalimu, utatufia hapa!" Na Baba, alipoona havutiki, akapaza ile sauti yake ya kazini, na jukwaa zima, watu mia kadhaa wasiojua lolote, likasimama.

Kucheka na kukimbia havigawani pumzi. Kitabu hakijaandika hilo, naliandika mimi. Kicheko kilinishika zikiwa zimebaki mita thelathini, na fulana ya njano ikanipita kama sipo. Wa pili, kwa hatua mbili.

Nilianguka kwenye majani nikiwa bado nacheka. Filimbi alifika anahema, amekasirika kweli kweli. "Ulikuwa unacheka nini pale? Nafasi ya kwanza ile!"

"Wewe, Mwalimu."

Kabla hajanijibu, Ibara akafika mbio, kitabu cha kanuni za mashindano kimefunguliwa mkononi, tai imekaa begani. Kifungu cha tisa, anasema, watazamaji wakimvuruga mkimbiaji, tuna haki ya kukata rufaa, na mashahidi wako mia kadhaa! Nikamwambia, Mwalimu, shikamoo na asante, lakini nimekimbia mita elfu tatu nzima na nimeshindwa kwa kucheka, na sitaki mahakama yoyote inifutie hilo.